Kumeza dawa ukiwa njiani: ya dereva wa Dar hadi Lubumbashi

"Meza saa tatu usiku, kila siku, bila kukosa." Ndivyo tulivyofundishwa kliniki, na kwa mtu anayelala kwake ni maelekezo mazuri. Mimi saa tatu usiku naweza kuwa napanda Kitonga nyuma ya tenki la mafuta, au niko kwenye mstari wa mizani Makambako, au nimeshalala kwa sababu naamka saa tisa. Nameza dawa za kufubaza VVU tangu 2014, na karibu miaka yote hiyo niko njia ileile ya Dar, Tunduma hadi Lubumbashi. Nilishindwa kwanza, ndipo nikaweza. Nawaandikia masuka wenzangu, hasa wewe uliyepewa kopo la kwanza mwezi huu.

Dawa usiifunge kwenye saa, ifunge kwenye gari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini napima oili, naangalia maji, nagonga matairi, namalizia na kidonge. Gari langu halijawahi kutoka bila kupimwa oili, basi na kidonge kikapata pa kujishikiza. Ukivuka Tunduma kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Usihangaike nayo, hiyo haina neno. TLD tunayopewa siku hizi (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri ndani ya kidonge kimoja) humezwa na chakula au bila chakula. Asubuhi ina faida nyingine: dolutegraviri huwakatia baadhi ya watu usingizi, na sisi usingizi ndio mtaji. Ukisahau, meza pale unapokumbuka. Ukikumbuka kesho yake, meza kimoja cha siku hiyo na uendelee. Usimeze viwili kufidia.

Sasa nieleze nilivyoharibu. Dawa yangu ya mwanzo ilikuwa na efavirenzi, ya kumeza usiku, na ilikuwa inanilevya: kizunguzungu, halafu ndoto za ajabu ajabu. Usiku wa kuendesha nikawa naiacha. Sikumwambia mtu. Kwa kuwa kliniki walikuwa wanahesabu vidonge vilivyobaki, siku ya miadi nilikuwa nasimama njiani, namwaga vilivyozidi kwenye majani. Nafika, nahesabiwa, niko sawasawa, napongezwa. Mwaka 2018 wakanitoa damu ya kupima wingi wa virusi. Majibu: nakala za virusi elfu kumi na nne na ushee kwa kila mililita ya damu. Kopo nililipanga vizuri, damu ikanishinda.

Muuguzi hakunifokea. Aliniuliza, "Baba, wewe huwa unaendesha saa ngapi?" Miaka minne hakuna aliyeuliza, na mimi sikuwahi kusema. Kwa hiyo ukikaa mbele ya mshauri, kabla hajafungua faili, mweleze kazi yako: unatoka lini, unalala wapi, usiku unaendesha au huendeshi. Akikuuliza umekosa dozi ngapi, taja idadi ya kweli. Mimi nilipewa vikao vya ushauri, nikapimwa tena, na mwaka 2019 nikahamishiwa TLD. Tangu hapo kipimo kinasoma chini ya 50, maana yake virusi havionekani. Kipimo hicho hufanywa mwezi wa sita tangu kuanza dawa, wa kumi na mbili, kisha mara moja kwa mwaka. Ukiwa safarini mwezi wake ukapita, ukirudi kidai.

Baadaye nilisikia habari za Zackie Achmat, mwanaharakati wa UKIMWI wa Afrika Kusini. Alikataa makusudi kumeza dawa ambazo angeweza kuzipata, mpaka serikali yao ikubali kuzitoa kwenye hospitali za umma, akaja kuanza 2003. Yeye aliziacha ili wengine wazipate. Mimi zangu nilizimwaga majani.

Upande wa akiba, hesabu siku za foleni, siyo siku za safari. Kwenda Lubumbashi mzigo unaweza kukuchukua siku kumi, lakini pale Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, nimewahi kulala siku kumi na saba nasubiri kuvuka. Nikitarajia safari ya mwezi mmoja, nabeba ya miezi miwili. Anayeanza hupewa dawa ya mwezi mmoja mmoja. Ukishatulia omba ya miezi mitatu au sita, utaratibu upo. Beba na kadi ya kliniki, kwa sababu ukikwama hapa Tanzania, kituo kingine chenye huduma hiyo kinaweza kukupa dawa za mpito ukiionyesha. Mpakani usivuke kwa kutegemea bahati. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kila mmoja kituoni kwetu alikuwa anauliza akiba itatosha hadi lini, na niliyemwona ametulia ni yule mwenye kopo la miezi sita.

Akiba yenyewe igawe. Kopo kubwa kwenye begi la nguo, vidonge vya wiki mbili kwenye kikopo kidogo unachotembea nacho, maana gari likiharibika porini utarudi na basi, begi litabaki kwenye kabini. Juu ya dashibodi usiweke kabisa: dawa hii haitaki joto la kuzidi nyuzi 30, na kabini ya mchana unaijua mwenyewe. Kile kifuko kidogo kinachofyonza unyevu usikitupe. Kopo likilia kama kayamba kila unapopita tuta, jaza pamba.

Tumbo. Wengi wetu tuna gesi na vidonda vya tumbo kwa kula ovyo, na mfukoni hatukosi dawa za kutuliza asidi. Nyingi zina magnesi au alumini, na hizo huizuia dolutegraviri isifyonzwe. TLD itangulie kwa muda wa saa mbili, au ije muda wa saa sita baada ya hizo dawa za asidi. Ukikutwa na TB pia sema unatumia nini, kwa sababu rifampisini huishusha dolutegraviri na utaongezewa dolutegraviri ya pili kwa siku, ziachane kwa muda wa saa kumi na mbili.

Mke wangu hana maambukizi. Tulipimwa wote, tukakaa na mshauri, akatueleza utafiti wa HPTN 052, uliohusisha jozi 1,763 za wapenzi wa nchi tisa, Kenya ikiwemo: pale virusi vilipokuwa vimefubazwa sawasawa, mwenza hakuambukizwa na mwenziwe. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi hayo majibu ya damu uwe unaniletea mimi." Namletea kila mwaka.

Vijana hunipigia habari za sindano badala ya vidonge. Ipo: kabotegraviri na rilpivirini kila baada ya miezi miwili, na imefanyiwa utafiti Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu waliokuwa wameshatulia kwenye vidonge. Ningeipenda, kopo nisilibebe tena. Ila foleni ya Kasumbalesa haijui tarehe ya sindano ya mtu.

Tajiri akikwambia ukapime kwanza ndipo akupe gari, fahamu kwamba sheria ya UKIMWI ya 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU. Ukiachishwa kwa hilo, una siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hata mkataba kama ni wa mdomo, tunza risiti za safari na meseji zake.

Lakini mtu mmoja garini lazima ajue, kwa sababu ukizidiwa Mpika au Serenje huko Zambia, ndiye atakayemwambia daktari unatumia dawa gani. Kwangu ni utingo. Nilijizungusha mwaka mzima. Siku tumetoboka tairi Mikumi, mimi nimekaa kivulini, yeye anafunga tairi, nikamwambia. Aliendelea kufunga nati, wala hakugeuka.

"Mzee, mi najua toka zamani. Pamba umeweka juzi tu."