Maji ya moto kwa uniti chache: pampu ya joto kwenye nyumba yako ya Dodoma

Sisi tunaojenga Iyumbu au Nzuguni tukiwa ughaibuni tunazidi kuulizana kuhusu hita ya maji ya pampu ya joto. Ni friji iliyogeuzwa: inavuta joto la hewa na kulisukuma kwenye tangi. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kwa hita ya kawaida hula uniti 8 hivi za LUKU. Pampu nzuri, hewa ikiwa na joto, hula kama 3.

Nafuu hiyo hupotea fundi akiifungia stoo. Nyumba zetu mpya zilizozibwa vizuri ndizo zinazoiponza zaidi: ikikaa kwenye kachumba kasikopitisha hewa, baada ya muda inavuta hewa ileile iliyokwisha kuipoza, na uniti zinateketea. Watengenezaji wengi hutaka chumba cha mita za ujazo 20 hivi. Kama mashine inaruhusiwa kukaa nje, mimi ningeiweka varanda ya nyuma, kivulini, nyuma ya ukuta wa matofali ya matundu, mbali na dirisha la kulala maana inanguruma. Vumbi la kiangazi huziba chujio. Lisafishwe kila mwezi. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine yaelekezwe kwenye mchicha.

Kisha muda. Mwezi wa 7 joto la alfajiri hushuka hadi nyuzi 14 hivi, mchana 27. Itegwe ifanye kazi saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tangi lenye koti zuri litatunza joto hadi kesho yake. Wenye sola, huo ndio muda wenu pia. Nyuzi 50 au 55 zinatosha, mara moja kwa wiki ipande 60 kuua bakteria. Koili ya umeme ya akiba izimwe, isubiri wageni wa Krismasi.

Bafu likiwa mita 15 kutoka kwenye tangi, kila anayefungua bomba anamwaga kama lita mbili za baridi kwanza. Ramani ikiwa bado mezani, sogeza bafu.

Usinunue Marekani wala Kanada ukapakia kontena: umeme wa kule ni hezi 60, wetu volti 230, hezi 50. Weka na kinga ya umeme.

Maji ya Dodoma yana chumvi, birika la jikoni ni shahidi. Fimbo ya anodi ndani ya tangi ndiyo inayoliwa badala ya chuma, basi ikaguliwe kila mwaka. Anayekusimamizia akutumie picha ya fimbo hiyo kabla fundi hajairudishia.