Wimbo wa Nchi Eurovision: Anza na Saa, Mavazi Baadaye

Kila majira ya baridi, nchi za Ulaya zinapochagua nyimbo zao za Eurovision, mashindano ya nyimbo kati ya nchi, mimi husikiliza nikiwa na saa mkononi. Kanuni hairuhusu wimbo kuzidi dakika 3, na hapo ndipo nyimbo nyingi nzuri huharibikia. Mtunzi ana wimbo wa dakika nne, anang'oa ubeti wa pili, basi kiitikio cha mwisho kinaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Bora utunge upya ukiijua saa tangu mwanzo. Kiitikio kisikike mapema, ndani ya dakika ya kwanza, kwa sababu fainali ina nyimbo zaidi ya ishirini na wapigaji kura wengi watausikia wako kwa mara ya kwanza usiku huohuo. Ujaribu hivi: mpigie mtu wimbo mara moja tu akiwa na shughuli zake, kisha mwombe akuimbie kiitikio. Akibabaika, rudi kwenye meza ya utunzi.

Halafu sauti. Muziki wote hutoka kwenye rekodi, na tangu 2021 hata waitikiaji wanaweza kurekodiwa, lakini mwimbaji mkuu lazima aimbe mubashara. Kwa hiyo usiamue ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti utakachoimbiwa, ukiwa studio, mahali ambapo mtu huimba mstari mmoja mara kumi. Mwimbishe wimbo mzima akiwa amesimama, arudie akitembea na kugeuka kama atakavyofanya jukwaani. Noti ya juu ya dakika ya tatu ikipasuka, shusha ufunguo nusu toni. Hakuna mtazamaji atakayegundua umeshushwa. Mpasuko atausikia kila mtu.

Mashairi yapitie kwa jicho kali. Siasa hairuhusiwi: mwaka 2009 Georgia ilitakiwa kubadili mashairi yaliyoonekana kumgusa Putin, ikakataa, ikajitoa. Lugha ni huru tangu 1999, na mimi ningeanza na ya nyumbani. Mwimbaji si lazima awe raia. Céline Dion, Mkanada, aliipa Uswisi ushindi mwaka 1988.

Jukwaani wanaruhusiwa watu sita tu. Wengi hujaza nafasi zote sita kwa woga, kisha kamera haijui imfuate nani. Salvador Sobral wa Ureno alisimama peke yake Kyiv mwaka 2017, kwenye jukwaa dogo katikati ya watu, akaimba Kireno na kuondoka na ushindi kwa alama 758.

Ukitaka mapambo makubwa, kumbuka huwekwa wakati filamu fupi inaonyeshwa kabla ya wimbo, muda usiofika dakika moja. Yawe na magurudumu, na nyaya zake zifungwe humohumo ndani. Kitu kinachohitaji kukazwa skrubu jukwaani kiache nyumbani.