Betri mbele, betri chini: kusawazisha uzito wa krola

Kabla hujatoa hela kununua vipande vya shaba vya kuongeza uzito kwenye ekseli, anza na betri. Kwenye krola, yaani gari la rimoti la kupanda mawe, mota imebanwa kwenye giaboksi, giaboksi imebanwa kwenye chesesi, na ekseli haziendi popote. Betri ndiyo kitu kizito pekee unachoweza kukihamisha bure.

Mimi naendeshea Mwanza, ambako mawe yako mpaka uani kwa watu. Miamba ya huku ni ya graniti, inakwaruza, na ikiwa kavu tairi laini linaishika vizuri sana. Kwa hiyo krola likishindwa kupanda, mara nyingi tatizo si kuteleza, ni mdomo kunyanyuka. Utaona magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, yanazunguka yakiparuza jiwe tu bila kushika, springi za nyuma zinalala, halafu pua inapanda taratibu. Watoto wanaotazama wanaliona mapema: "Anko, linapinduka!" Na kweli linapinduka.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Gari langu ni la kipimo cha 1/10, lina milimita 313 kutoka ekseli hadi ekseli, na kitovu chake cha uzito, yaani pale uzito wote unaposawazika, kiko kama milimita 90 kutoka chini. Tuseme kwenye sakafu uzito umegawanyika nusu kwa nusu. Likiwa kwenye mwinuko wa nyuzi 45, magurudumu ya mbele yanabaki na asilimia 21 tu ya mzigo unaokandamiza jiwe. Sasa ligawanye asilimia 60 mbele na 40 nyuma, kitovu kibaki urefu uleule: kwenye mwinuko huohuo mbele inabaki na asilimia 31. Huo ndio usukani unaofanya kazi na tairi linalovuta.

Ila usikimbilie kujaza mbele. Unachopanda utakishuka. Kwa mgawanyo wa 60 kwa 40, kwenye mteremko wa nyuzi 45 nyuma inabaki na asilimia 11 peke yake, na ukifika 65 mbele, nyuma inabaki na 6. Hapo ukigusa breki kidogo tu, gari linapinduka kwa mbele. Mimi nalenga kati ya 55 na 60, na sioni sababu ya kuzidi hapo kwa gari la kutembea porini.

Kupima unahitaji mzani wa jikoni wa kidijitali unaobeba kilo 5 na vitabu vichache. Gari liwe kamili: betri ndani, bodi juu, kila kitu. Weka magurudumu ya mbele juu ya mzani, ya nyuma juu ya vitabu vilivyofikia kimo kilekile cha mzani. Hicho kimo usikipuuze, maana gari likiinama namba zinakudanganya. Likandamize mara mbili tatu ili springi zikae sawa, kisha soma. Geuza, pima nyuma. Jumla ya namba mbili lazima ikaribiane na uzito wa gari zima. Ikipishana sana, rudia.

Langu lilisoma gramu 1,300 mbele na 1,200 nyuma, sawa na asilimia 52, betri ikiwa katikati ya chesesi. Betri yenyewe ni lipo, yaani ya lithiamu-polima, ya seli 3, mAh 2200 (kipimo cha umeme inaobeba), gramu 180. Kuisogeza milimita 150 mbele kunahamisha gramu 86 kutoka ekseli ya nyuma kwenda ya mbele: 180 mara 150, gawanya kwa 313. Mzani ukasoma 1,386 kwa 1,114, yaani asilimia 55. Kisha nikatoa tairi la spea lililoning'inia nyuma. Lilipendeza, lakini ni gramu 150 zinazokaa nje ya ekseli ya nyuma, na zinafanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya bembea ya ubao: zinakandamiza nyuma na kuinua mbele. Bila spea, mbele asilimia 60. Sijatumia hata shilingi.

Sasa kimo, ambacho wengi wanakisahau wakishasikia "betri mbele". Kwenye mwinuko wa nyuzi 45, kila milimita ambayo kitovu cha uzito kinapanda juu inafuta milimita moja uliyokisogeza mbele. Ukibandika betri juu kabisa ya nguzo za shokapu, chini ya boneti, umepata kwa mkono huu na kutoa kwa mkono ule, na ukitembea mlalo kwenye ubavu wa jabali hali ni mbaya zaidi. Jaribu hivi: simamisha gari mlalo juu ya ubao, gongomelea kijiti chembamba kwenye upande wa chini ili matairi yasiteleze, inua ubao polepole huku simu yenye programu ya kupima mwinamo ikiwa imelala juu yake. Soma nyuzi pale magurudumu ya juu yanapoachia. Langu lina milimita 200 kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi la kulia. Likiachia kwenye nyuzi 48, kitovu kiko karibu milimita 90. Pima kabla na baada ya kuhamisha betri. Ukipoteza nyuzi nyingi, shusha betri hata kama itabidi irudi nyuma kidogo.

Kuhusu mahali penyewe: tazama servo ya usukani, ile mota ndogo inayokata magurudumu. Kama imekaa juu ya ekseli, kati ya reli za chesesi kuna nafasi, na betri inaweza kulala kwa mkingamo pale chini. Kama servo imefungwa kwenye chesesi, nafasi hiyo imekwisha na betri italazimika kupanda. Hapo tafuta betri ndogo. Seli 3 za mAh 1300 zina uzito wa gramu 120 hivi, na krola halili umeme kama gari la mashindano ya kasi.

Sahani ya kubebea betri nakata kwenye ubavu wa dumu la mafuta au bati la alumini la milimita 2. Kabla ya kutoboa, kandamiza mbele mpaka shokapu ziishe, kata usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Kati ya betri na kitu chochote kinachosogea ibaki nafasi ya milimita 5. Pembe za sahani zipige msasa, kwa sababu lipo ya ganda laini ikichomwa inaweza kuwaka moto. Isitokeze mbele ya bampa. Ifunge kwa mkanda wa kunata, geuza gari juu chini ulitikise kwa nguvu. Betri ikicheza, ongeza mkanda.

Nyaya zikiwa fupi, ongeza kwa waya wa unene uleule. Chomoa betri kwanza. Kama unarefusha waya wa betri yenyewe, kata mmoja, uchomee risasi, uvike mpira wa kuzuia shoti, ndipo uguse wa pili. Kukata zote mbili kwa mkasi mmoja ni shoti ya papo hapo. Zipitishe juu ya reli, mbali na propela shafti, ambayo ikinasa waya haiuachi.

Ukishamaliza, mbele itakuwa imelala kidogo. Kaza kola (pete za kukazia) za springi za mbele mpaka chesesi iwe sawa. Halafu egemeza gari kwenye jiwe, bonyeza mafuta polepole, utazame bodi inainamia upande gani. Ni nguvu ya shafti inayoisokota. Sogeza betri milimita 10 au 20 kuelekea upande unaonyanyuka. Nafuu yake ni ndogo, lakini nayo ni bure.

Kama bado hujafika 55, ndiyo sasa ongeza uzito, na uweke kwenye rimu au ekseli ya mbele, chini kabisa. Vituo vya kubalansi matairi vina vipande vya kubandika vya gramu 5 na 10. Vipange ndani ya rimu kwa umbali sawa, kulia na kushoto idadi moja. Namba za mzani andika kwenye karatasi ya gundi ndani ya bodi, pamoja na uzito wa betri uliyotumia, na siku ukinunua betri nyingine, pima upya kabla hujaenda mlimani.