Barua ya kusainiwa: sahihi haimaanishi mzigo umefika kwa mwenyewe

Ndugu zangu mlioko nje, kabla hujaweka paspoti au cheti orijino kwenye bahasha ukasema nimelipia ile huduma ya posta ambayo anayepokea lazima asaini basi niko salama, subiri kwanza. Sahihi inathibitisha kuna mtu kapokea, haithibitishi kapokea nani. Sehemu nyingi postamani akimkuta jirani au mlinzi getini, huyohuyo anasaini kazi imeisha, alafu tangu korona ya 2020 kuna posta zilianza kumwacha postamani aandike jina mwenyewe, we unaangalia mtandaoni unakuta imepokelewa na mwenye barua hajaona kitu. Inauma sana.

Kingine, kusainiwa na kufuatiliwa ni vitu viwili tofauti. Huduma nyingi za kusaini zinakuonyesha mwisho tu, yani ikipotelea katikati hutajua iliishia wapi. Kwa hati ambayo kuipata upya ni shughuli, lipia trakingi ya njia nzima au EMS (huduma ya haraka ya posta), naona ni bora hela iende huko.

Namba ya kufuatilia iliyoko kwenye risiti isome vizuri. Ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu 9, alafu herufi mbili za nchi ilikotoka: ikianza na R ni rejista, yaani barua iliyosajiliwa posta, ikianza na E ni EMS, ikiishia GB imetoka Uingereza, DE Ujerumani. Ikishavuka mpaka tovuti ya ulikotumia mara nyingi inanyamaza, kwa hiyo ingiza namba hiyohiyo kwenye tovuti ya posta ya inakoenda.

Fidia ya rejista ni ndogo na haiangalii thamani ya kilichomo, kitu cha thamani kilipie bima. Pesa taslimu usitume kabisa. Risiti ipige picha palepale kaunta kabla wino haujafutika, maana bila hiyo madai yako hayana mguu, na kwa taratibu za Umoja wa Posta Duniani una miezi 6 ya kuulizia barua ya kimataifa, anayeanza kuulizia kwa kawaida ni mtumaji.

Kama inaenda sanduku la posta andika na namba ya simu ya mpokeaji. Na mwambie mapema, akiona bahasha imechanika au imefunguliwa asisaini hivihivi, karani aandike kwanza hali yake, kwa sababu akishapokea bila kulalamika posta inaweza kukataa madai.