Jinsi ya kulijua gugu la makunyanzi ndani ya mpunga kabla halijatoa suke

Kuna msimu nilipalilia jaruba zima nikatoka mgongo umekufa ila nina raha, nikasema safi kabisa hamna gugu. Baada ya wiki kadhaa naona katikati ya mpunga yanachomoza masuke membamba yamesimama wima kama vidole, sio mpunga, sio yale majani ya kawaida ya majarubani, na yako mengi. Yaani mimi mwenyewe ndo niliyaacha, tena kuna sehemu niling'oa mpunga nikayaacha yenyewe, aibu hiyo.

Kosa langu lilikua moja, nilishika ile kanuni ambayo kila mtu anafundishwa nikaona imetosha. Kanuni yenyewe inasema fungua pale jani linapoachana na shina, ukikuta kile kingozi cheupe chembamba kama ulimi basi ni mpunga, ukikuta hamna kitu ni gugu. Ni kweli kwa Echinochloa nyingi, haya majani yanayofanana sana na mpunga udogoni, yenyewe hayana ulimi wala masikio (vile vidude viwili vya pembeni ya ulimi), pale shingoni ni laini tu. Sasa huyu ninayemsema leo ULIMI ANAO. Ukimpima kwa kanuni hiyo tu anapita kama mpunga.

Jina lake la kitaalamu ni Ischaemum rugosum. La mtaani kila mahali wana lao ndo mana nakupa hilo refu, ukiuliza mtaalamu wa mimea popote atakuelewa. Rugosum ni Kilatini maana yake lenye makunyanzi, na mtaalamu aliyelipa jina hilo mwaka 1791, Salisbury, aliona kitu kilekile utakachokigusa kwa kucha yako huko mbele. Asili yake ni Asia ya joto ila siku hizi liko kwenye mpunga wa Afrika na wa Amerika ya Kusini pia. Linapenda tope, kingo za mifereji, majaruba yenye maji ya kuja na kuondoka, na ni la msimu mmoja, linaota kwa mbegu.

Haya tuanze likiwa dogo maana hapo ndo kwenye kazi. Usiangalie kwa juu, kwa juu vyote ni kijani na vyote ni vyembamba utajidanganya. Chuma mche mmoja wa mpunga ambao una uhakika nao, ule uliopandikiza mwenyewe uko kwenye mstari, uushike mkono mmoja, halafu huo unaoutilia mashaka mkono wa pili. Vuta jani taratibu liachane na shina, uangalie shingoni kuna jua nyuma yake, mwanga ukipita utaona vizuri.

Mpunga una ulimi mrefu, tena umechanika ncha mbili kama ulimi wa nyoka, na pembeni kuna vimasikio viwili vimejikunja kama kucha vimeshika shina, vina nywelenywele. Hivyo vimasikio ndo vya kutafuta, sio ulimi peke yake. La makunyanzi ulimi wake ni mfupi, milimita chache tu, na halina zile kucha zenye nywele zinazokumbatia shina, badala yake ile ala ya jani (ile sehemu inayolifunga shina kama soksi) kingo zake zimepanda juu kidogo zikaungana na ulimi, inakua kama kitu kimoja. Ukiiona mara moja hutaisahau ila mara ya kwanza inasumbua, mimi ilinichukua miche kama kumi hivi ndo jicho likazoea. Na angalizo, mpunga uliozeeka au uliopigwa na upepo vimasikio huwa vinakatika, kwa hiyo angalia majani ya juu ambayo bado mabichi, usihukumu kwa jani la chini limekauka nusu.

Halafu pitisha vidole kwenye ala na kwenye jani. Mara nyingi utakuta nywele, na kwenye vifundo vya bua, pale bua linapojiunga, kuna nywele zimezunguka kama ndevu. Mpunga vifundo vyake havina ndevu hizo. Hii ya vifundo naiamini kuliko rangi kwa kweli. Watu wengi wanasema angalia shina likiwa na uzambarau chini ndo lenyewe, sawa mara nyingi linao, ila kuna aina za mpunga nazo zina uzambarau chini, ukifuata rangi tu utang'oa mali yako. Rangi iwe ya kukushtua tu uiname uangalie vizuri.

Na ukikamata bua ukaona lina pembe tatu linapozungushwa kwenye vidole, acha hata kuendelea, hiyo sio nyasi kabisa, ni jamii ya ndago. Nyasi bua lake ni la mviringo.

Sasa likishatoa suke, hapa hata mtoto analijua. Mpunga suke linatawanyika matawi linainama. Echinochloa nazo zina matawi yamepangana kwenye mhimili mmoja. Hili la makunyanzi linatoa kitu kimoja kimenyooka juu ya bua, unasema hili suke ni moja, kumbe ni mawili yamebanana mgongo kwa mgongo kama viganja vya mtu anayeomba. Jaribu kuyatenganisha na kucha, yanaachana, na yakikomaa yanaachana yenyewe yanakaa kama V. Yana ndevu pia, nyembamba, zimejisokota na kupinda katikati, sentimita moja na nusu mpaka mbili na nusu hivi.

Kisha toa punje moja. Zinakaa mbilimbili, moja imekaa moja kwa moja kwenye mhimili na mwenzake ana kikonyo. Chukua ile isiyo na kikonyo, ina urefu wa milimita 5 hivi, iweke kwenye kidole gumba, halafu pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu. Utasikia krr krr krr, kuna matuta yamekatiza ganda kwa upana, manne matano hivi, kama ubao wa kufulia mdogo kabisa. Hayo ndo makunyanzi yenyewe. Kama macho yamechoka piga picha na simu kwa karibu halafu ikuze utayaona. Punje ya mpunga mistari yake inakwenda kwa urefu, haikatizi. Ukishasikia hayo matuta hakuna cha kubishana tena.

Kingine, suke likiiva liminye. Linavunjika vipande vipande kama mnyororo uliokatika, kila kipande kinaondoka na punje zake, wakati wa mpunga ukiminya zinatoka punje na vijiti vinabaki. Ndo mana ukisubiri liive umechelewa, ukiligusa tu kupita limeshajipanda chini.

Kuna watu watachanganya na mpunga pori. Huo shingoni unafanana na mpunga kabisa kwa sababu ni ndugu, masikio yapo na ulimi upo, hapo unasubiri suke au unachimba, maana kuna aina yake inayotambaa chini ya udongo kwa vishina, ukivuta unakuja na kamba. La makunyanzi ukivuta linakuja na mizizi yake ya kawaida tu, hamna kamba. Na lile jani linalokukata miguu ukipita, lenye kingo kama msumeno, hiyo ni Leersia, nayo inapenda maji ila ni ya kudumu na inatambaa, stori nyingine.

Programu za simu za kutambua mimea nimezijaribu, likiwa na suke zinajitahidi, likiwa mche zinabahatisha tu, nilipiga picha mche mmoja mara tatu nikapewa majina matatu. Tumia vidole vyako.

Ukishalijua, ling'oe kabla ya suke na lisiachwe kwenye tuta la jaruba likiwa na mbegu maana maji yanazirudisha. Dawa ya 2,4-D usihangaike nayo kwa hili, inaua magugu ya majani mapana, nyasi inaziacha zinadunda. Maji nayo yanasaidia kama yakiwahi, mbegu zake zinaota vizuri zikiwa juujuu penye mwanga na unyevu, jaruba likiwa limefunikwa na maji mapema zinapata shida kuota, ila likishasimama vizuri maji hayalitishi, ni mmea wa majini huo.

Mimi siku hizi nina bahasha, ndani kuna suke moja kavu la makunyanzi na kipande cha shingo ya jani nimekibana kwenye karatasi, pembeni yake shingo ya mpunga. Kila msimu kabla ya palizi ya kwanza wanaokuja kunisaidia nawapitishia ile bahasha, kila mtu akwangue punje kwa kucha asikie, ndo tunaingia majini.