Kabla hujairusha ile video ya Goma

Mimi ni fundi wa simu hapa Kayole, Nairobi, ila nimekulia Birere, Goma, mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025, grupu yetu ya familia ilijaa video usiku kucha. Moja niliirusha mimi: moto mkubwa, mtu analia, na maandishi "uwanja wa ndege sasa hivi". Mama mdogo akaiona, akatoka na watoto gizani huku risasi zinalia. Kumbe video ilikuwa ya zamani, tena si ya Kongo.

Siku hizi naanza na mishale. Ukiona miwili juu ya ujumbe, ujue umeshapita hatua tano au zaidi, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu uutume kwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati. Muulize aliyekuletea: umeipiga wewe? Akisema kapewa na mtu, aliyempa naye aulizwe.

Tarehe na mahali usivitafute ndani ya picha yenyewe. WhatsApp huibana picha na kuvifuta. Ukimpata mpigaji, mwombe aitume kama hati, nayo itabaki na taarifa zake. Hiyo akutumie wewe tu, si grupu, maana itakuwa imebeba na alipo.

Simamisha video mahali panapoonekana vizuri, piga picha ya skrini, uipeleke Google Lens, ikuonyeshe ilishawahi kutokea wapi mtandaoni. Vita vya Ukraine vilipopamba moto, watu walisambaza vipande vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 kama mapigano ya kweli, hadi waliouunda wakatoa maelezo ya namna ya kuvitambua.

Halafu tazama mji wenyewe. Hapa ndipo waongo wengi hunaswa. Nyiragongo, mlima wa volkano, uko kaskazini, ziwa Kivu kusini. Mlima ukionekana nyuma ya mtu, kamera imetazama kaskazini (mawingu yakikubali, na mara nyingi hayakubali). Tafuta kuta za mawe meusi ya lava, na sanamu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye mzunguko wa barabara. Vivuli navyo vinasema: mwishoni mwa Januari jua la adhuhuri Goma limeelemea kusini, hivyo vivuli vinalala upande wa mlima. Juni ni kinyume. Ukiambiwa video ni ya saa sita mchana Januari na vivuli vinaelekea ziwani, umedanganywa. Na wekundu wa angani usiku si lazima uwe bomu, Nyiragongo huyapaka mawingu rangi hiyo bila msaada wa jeshi lolote.

Ikithibitika ni ya kweli, bado usikimbilie kuituma. Inaonyesha lango la nani? Wapiganaji nao wana simu. Februari 2022 Google ilizima kwa muda taarifa za msongamano wa magari Ukraine, kwa kuwa simu za raia tu zilitosha kuonyesha barabara ipi imejaa watu. Kata sehemu yenye nyumba na nyuso, na usubiri waliomo wahame.

Mama mdogo alifika salama, na sasa ndiye askari wa grupu. Juzi nilituma picha ya mafuriko ya mtaani kwetu. Akajibu kwa sauti: "Baba, hiyo mvua ni ya lini?"