Taa ya urujuanimno kwa kobe na kinyonga: namna ya kuitumia bila kuwadhuru

Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na kobe anayefugwa uani, penye jua la asubuhi na kivuli cha mwarobaini, hahitaji taa yoyote. Taa ni ya mnyama anayelazimika kukaa ndani. Kabla ya hayo yote, mfugaji ahakikishe kwamba ana kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), kwa kuwa kobe na vinyonga wetu ni wanyamapori wanaolindwa na sheria.

Miale inayotafutwa ni UVB, sehemu ya urujuanimno yenye mawimbi ya kati ya nanomita 280 na 315. Ikiifikia ngozi, huanzisha utengenezaji wa vitamini D3, na joto la mwili huukamilisha. Bila vitamini hiyo mnyama hafyonzi vizuri kalsiamu iliyomo katika chakula chake, akapatwa na maradhi yanayofanana na matege ya watoto: taya hulegea, gamba la kobe hulainika, na kinyonga hushindwa kujishikilia tawini.

Wengi hudhani kwamba kuliweka dirishani tangi anamokaa mnyama kunatosha. Kioo cha kawaida huzuia takriban UVB yote lakini hupitisha joto, kwa hiyo mnyama huungua bila kupata manufaa, hasa msimu wa kaskazi. Vivyo hivyo, taa isiwekwe juu ya kifuniko cha kioo au plastiki. Wavu hupitisha miale, ingawa ule wenye matundu madogo huweza kupunguza theluthi yake au zaidi.

Dukani, omba taa iliyotengenezwa kwa ajili ya reptilia. Taa ya kukagulia noti bandia haifai, kwani haitoi UVB ya maana. Taa ya kuulia vijidudu, ile ya kusafishia maji, ni hatari kabisa: hutoa UVC, ambayo huchoma macho na ngozi ya mnyama na ya binadamu. Ukiletewa taa na jamaa kutoka Marekani, soma volteji yake kwanza, kwa sababu umeme wetu ni wa volti 240 na ule wa kwao ni 120.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni umbali. Jicho letu haliioni UVB, hivyo mwanga kuonekana hafifu si dalili ya usalama. Chukua futi kamba, upime kutoka kwenye taa hadi mgongoni mwa mnyama anapokuwa mahali pa juu kabisa anapoweza kufika, wala usipime hadi sakafuni mwa tangi, kisha ufuate umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Balbu ikisogezwa hadi nusu ya umbali huo, ukali wake unaweza kufika mara nne. Ukiweza kupata kipimo cha fahirisi ya urujuanimno (UV Index, yaani namba inayoonyesha ukali wa miale), wanyama wapendao kivuli huridhika na chini ya 1, na wengi wanaoota jua hutosheka na kati ya 1 na 2.6.

Taa ikae juu, isiwe ubavuni, maana ukingo wa juu wa jicho hulikinga dhidi ya mwanga utokao juu tu. Nusu ya kizimba iwe na kivuli cha majani ili mnyama achague mwenyewe. Iwashwe kwa muda wa saa 12 za mchana na izimwe usiku. Ukiona macho yamevimba au yamefumbwa mchana kutwa, zima taa siku hiyo hiyo na umwone daktari wa mifugo.

UVB hufifia mapema kuliko mwanga unaoonekana. Kwa hiyo andika tarehe ya kufunga kwenye kitako cha taa, na uibadilishe baada ya miezi 6 hadi 12 kama mtengenezaji anavyoagiza. Hewa ya chumvi hutafuna vishikizo vya chuma, basi vikague kila mwezi. Taa nyingi za aina hii zina zebaki: ikivunjika, zima umeme, mtoe mnyama, fungua madirisha, toka kwa robo saa, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio.